Huyo wa Darini Si Komba

Swali limetoka kwa msomaji wetu aliyehamia Australia:

"Shikamoo mwalimu. Nimekulia Kasulu, Kigoma, na huu ni mwaka wa tatu niko Melbourne na mume wangu na watoto. Kila usiku kuna kitu kinatembea darini kwa mguu mzito kama mtu mzima, na kikikasirika kinakohoa kwa sauti ambayo bibi yangu angesema ni jini. Majirani wanasema ni posamu. Juzi nikaona mwingine, mdogo zaidi, ncha ya mkia imejikunja kama pete, anapita juu ya waya wa umeme na watoto wawili mgongoni kama mama anayewahi kliniki. Je, hawa ndio komba wa huku? Wanaishije juu bila kuanguka, na wanakula nini wakati miti yote ninayoiona ni mikaratusi mitupu? Mume wangu anataka tumnase huyo wa darini tumpeleke msituni akaishi na wenzake. Ni sawa?"

Marahaba, dada. Nianzie mwisho, maana nahisi mtego umeshanunuliwa: mwambie shemeji auweke stoo kwanza. Sababu zipo, na ili zieleweke inabidi umjue huyo mpangaji wako ni nani na mwili wake umeundwa kwa kazi gani.

Komba siye. Nakubali wanafanana: macho makubwa yanayong'aa ukimulika tochi, mkia mrefu, makelele ya kutisha watoto, na kutokea giza likishaingia. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kumwona nilimkumbuka komba wa kwetu Tanga, yule anayesifika kwa kumwibia mgema tembo lake juu ya mnazi. Lakini komba ni jamaa wa nyani na binadamu. Posamu ni jamaa wa kangaruu na koala, mnyama anayelea mtoto mfukoni, na koo hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Wakifanana, ni kwa sababu usiku na matawi yamewafinyanga kwa mkono mmoja.

Hata jina lake ni la kuazima. Mwaka 1770 Joseph Banks, aliyekuwa safarini na nahodha James Cook, alimpata mnyama wa namna hii kaskazini mwa Queensland akamhesabu katika ukoo wa oposamu wa Amerika, ambaye Wazungu walikuwa wanamfahamu tayari. Oposamu wa Amerika naye ana mfuko, ila ni wa ukoo mwingine kabisa. Jina likaganda hivyo hivyo. Wenyeji wa asili wa hapo Melbourne walikuwa na lao zamani sana, walert, na huko Victoria, jimbo lenye Melbourne, ngozi za posamu zilishonwa kuwa majoho ya baridi. Makumbusho ya Melbourne yanayo mawili ya karne ya 19, moja la 1853 na jingine la 1872. Ukipata Jumapili ya bure kawaonyeshe watoto.

Sasa, wewe umeona wanyama wawili tofauti. Mwenye mguu mzito na kikohozi ni posamu mkia-burashi: kilo mbili hadi nne, masikio marefu, mkia mweusi wenye manyoya kama burashi ya kusafishia chupa. Hicho kikohozi ni namna ya kusema "hapa pana mwenyewe", na dume akitaka kulisisitiza hilo hujisugua kifua kwenye tawi, kwa kuwa hapo ana tezi ya harufu inayoacha manyoya yake na doa jekundu la kutu. Yule wa kwenye waya ni mkia-pete. Mara nyingi hafiki kilo moja au huipita kidogo tu, sauti yake ni mlio mwembamba kama wa ndege, na huzaa pacha. Mkia-burashi huzaa mmoja kwa kawaida. Na nikuongezee jambo litakalokuchekesha: kwa mkia-pete baba naye hubeba watoto mgongoni, kwa hiyo huyo uliyemwita mama anayewahi kliniki huenda ni baba mtu. Kuna posamu wengine wengi, zaidi ya spishi 60 ukijumlisha Australia, Papua Guinea Mpya na visiwa jirani hadi Sulawesi, ila hao wawili ndio waliokubali kuishi na watu wa mjini.

Umeuliza kwa nini hawaanguki. Niliwahi kumshika mkia-pete mkononi, amefungwa taulo, kwa mama mmoja anayelea wanyama walioumia. Nikanyoosha kidole, akakidaka, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu. Mkono wetu una vidole vinne upande mmoja na gumba upande wa pili. Wa kwake umegawanywa vingine: vidole viwili vya kwanza vinakwenda huku, vitatu vinakwenda kule, na tawi linakaa katikati kama waya kwenye koleo. Kushika kwa namna hiyo hakuhitaji nguvu nyingi, na ndiyo maana anaweza kuning'inia anatafuna huku wewe umeshachoka kumtazama. Miguu ya nyuma ina gumba nene lisilo na ukucha, linalovikabili vidole vingine na kubana tawi kwa nyama badala ya kuchoma. Kisha kuna ajabu ndogo niliyoipenda kuliko zote. Vidole viwili vinavyofuata gumba hilo vimeshonwa pamoja kwa ngozi moja, vimebakiza kucha mbili tu zilizochomoza sambamba. Hilo ni chanuo. Anapoamka jioni hukaa mlangoni mwa kiota akichana manyoya na kutoa wadudu, na hana haraka. Kangaruu naye ana chanuo hicho hicho mguuni, ingawa siku hizi hapandi mti, isipokuwa ndugu zake wachache wa misitu ya kaskazini.

Mkia nao umeajiriwa. Wa mkia-pete unakaribia urefu wa mwili wake, na upande wa chini, karibu na ncha, hauna manyoya. Pameachwa ngozi tupu, kavu kidogo, yenye mshiko kama soli ya raba mpya. Akivuka kutoka tawi hadi tawi hauachi mkia huo hewani; huuzungusha kwanza, akahakikisha umeshika, ndipo anyooshe mikono. Kwenye waya huo ulipomwona, mkia ulikuwa unafanya kazi ya kamba ya fundi wa nguzo. Akijenga kiota, kitu cha mviringo chenye ukubwa wa mpira, kilichofumwa kwa vijiti, magome na nyasi ndani ya kichaka kizito, hubeba majani yake ya kutandika kwa mkia: anayakunja ndani ya pete kama tita la kuni, halafu anapanda akiwa mikono mitupu.

Uzazi niupitie haraka. Mimba ya mkia-burashi huchukua siku 17 au 18 tu, na kinachotoka hakifiki hata gramu moja. Kinatambaa chenyewe hadi mfukoni, kinakamata chuchu, kinakaa humo miezi minne au mitano, kisha kinahamia mgongoni. Mfuko ule ni mbeleko iliyoshonwa mwilini. Kwa mnyama ambaye mtoto wake akianguka mara moja ndiyo basi, sioni mpango bora zaidi ya huo.

Tuje kwenye mikaratusi, kwani swali lako hilo ndilo lenye uzito kuliko unavyodhani. Kasulu unaijua: ya kuni, ya nguzo, ya kujifukiza mafua yakikubana. Na umewaona mbuzi, wanaotafuna mpaka kandambili, wakiipita bila kuinusa mara ya pili. Mbuzi hawajakosea. Jani la mkaratusi lina protini kidogo na nyuzi nyingi. Hiyo protini kidogo imekamatwa na tanini, kemikali kakasi ya jani, isimeng'enywe kirahisi. Yale mafuta yanayokufungua pua ni sumu yakizidi. Na ndani ya spishi nyingi kuna kundi jingine la kemikali ambalo kazi yake ni moja, kumletea mlaji kichefuchefu. Hili la mwisho watafiti wa Australia walilithibitisha kwa njia ambayo bado naifurahia: waliwapa posamu dawa ya kuzuia kichefuchefu, ile ile wanayopewa wagonjwa wa saratani wakitumia dawa kali, na posamu wakaongeza kula chakula kilichotiwa kemikali hizo. Ina maana kinachomsimamisha posamu katikati ya mlo ni kusikia vibaya, kama wewe ukila embe bichi la tano, hata kama tumbo halijajaa.

Na kiwango cha kemikali hizo hakilingani hata kwa miti ya spishi moja. Miwili inaweza kusimama bega kwa bega, wewe na mimi tusiweze kuitofautisha, huku mmoja unaliwa kila usiku na mwingine hauguswi mwaka mzima. Posamu mwenyeji ana ramani ya miti hiyo kichwani: huu ni mzuri, ule unaumiza tumbo, ule wa pembeni mzuri majani yakiwa machanga tu. Shikilia neno hilo, nitalirudia tukifika kwa shemeji.

Mkia-pete ndiye aliyelibeba jani la mkaratusi kwa moyo wote. Mbega wa Usambara, mla majani mwenzake, ana tumbo la vyumba ambamo bakteria huchachusha majani kabla hayajaenda mbele, karibu na mtindo wa ng'ombe. Mkia-pete amefanya kinyume: kiwanda chake kiko nyuma, kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, mahali ambapo sisi binadamu tumebakiwa na kidole tumbo. Vipande vigumu vya nyuzi hupita zake, ile rojo laini yenye bakteria na lishe hubakizwa humo ichachuke. Tatizo la kiwanda cha nyuma ni kwamba lishe inakuwa imeshapita sehemu ya utumbo inayoifyonza. Dawa yake usishtuke: mchana akiwa kiotani hutoa kinyesi laini cha aina ya pekee akakila kikiwa kinatoka, kama afanyavyo sungura. Kile kikavu, punje ngumu unazozifagia barazani asubuhi, ni cha usiku na hicho hakigusi. Kwa njia hiyo jani moja linapita tumboni mara mbili, na protini ambayo ingepotea inaokolewa. Pamoja na hayo yote bado mapato ni madogo, kwa hiyo na matumizi ni madogo: mwili wake huchoma nguvu polepole, na sehemu kubwa ya saa 24 analala au ametulia anatafuna.

Mkia-burashi hana uvumilivu huo. Yeye huchanganya. Majani ya mkaratusi kiasi, kisha maua, matunda, nyasi, machipukizi ya waridi, mayai akiyakuta. Kila sumu anaionja kidogo ili ini limudu, na ndiyo maana mjini amestawi kuliko wenzake wote. Ukiona waridi zako zimekatwa vichwa wakati jirani amesalimika, si chuki.

Kinachowashinda wote wawili ni joto. Mnyama mwenye koti la manyoya anayepata sehemu kubwa ya maji yake kwenye majani hana akiba ya kutoa jasho. Hujilamba mikono na kifua mate yakauke yampoze, na mate nayo ni maji. Siku zikipita nyuzijoto 35 mfululizo, mkia-pete huanza kudondoka vichakani. Huko Queensland, kwenye kilele cha Mlima Lewis, kuna posamu wa msitu wa mvua ambao baadhi yao huzaliwa weupe. Baada ya wimbi la joto la 2005 hao weupe walipotea machoni pa watu kwa miaka kadhaa, hadi 2009 walipoonekana wachache. Wamezoea ukungu wa mlimani, na juu ya kilele hakuna mahali pengine pa kupanda. Kwa hiyo Januari ikifika weka sahani ya maji chini ya mti, yenye kijiti cha kutokea ndani yake wadogo wasizame.

Hukuuliza kuhusu wanaoruka, ila ukiishi Victoria bila kuwajua nitakuwa nimekunyima. Mara kadhaa ukoo huu umegundua kwamba kushuka mti na kupanda mwingine ni gharama, na chini kuna meno. Dawa ikawa utando wa ngozi kati ya mkono na mguu. Mrukaji mkubwa, mnyama wa manyoya mazito mwenye masikio kama ya mwanasesere, anaweza kuambaa hewani hadi mita 100 kutoka mti mmoja hadi mwingine. Utando wake unaishia kwenye kiwiko, kwa hiyo akiwa hewani hukunja viganja chini ya kidevu kama mtu anayeomba. Kuna mdogo kuliko wote, gramu 10 hadi 15, mkia wake kama unyoya, nyayo zake zina vifuto vinavyomwezesha kupanda hata kioo cha dirisha. Afrika tunao panya wa msituni wenye magamba chini ya mkia wanaofanya kazi hiyo hiyo ya kuambaa, wapo mpaka misitu ya Tanzania, na hawana undugu wowote na hawa. Na huko kaskazini yupo posamu wa milia mwenye kidole cha nne kirefu kupita kiasi cha kuchokolea funza ndani ya mbao. Kiumbe wa Madagaska anayeitwa aye-aye amerefusha cha tatu kwa kazi hiyo hiyo. Hapo huwa naacha kueleza nacheka tu.

Haya, darini sasa.

Posamu wengi hawajengi. Wanahitaji mti wenye mvungu, tundu lililooza katikati ya shina au pale tawi kubwa lilipokatika. Kwetu ukitaka tundu kwenye mti yupo fundi, kigong'ota, anagonga mchana kutwa na mwakani mwingine anahamia. Australia haina kigong'ota hata mmoja. Tundu linachimbwa na kuvu, mchwa, moto na muda. Na muda wenyewe ni mrefu: ule mkaratusi mkubwa wa milimani mashariki ya Melbourne, mti unaoweza kufika mita 100 huko Tasmania, huanza kuwa na matundu yanayofaa ukiwa na miaka 120 hivi, na yale makubwa yanataka zaidi.

Nimeshiriki kuhesabu wanyama kwenye milima hiyo. Kazi yenyewe ni ya kitoto: kabla jua halijazama kila mtu anapewa mti mmoja mkavu, mzee, anakaa chini yake kwenye kiti cha kukunja, uso juu, mti umechorwa kwenye anga lililobaki na mwanga. Huruhusiwi kuwasha taa. Baridi inaingia kwenye viatu. Halafu kwenye mdomo wa tundu inatokea nundu ambayo haikuwepo. Mrukaji mkubwa hutoka kwa utulivu, anakaa, anajichana. Posamu wa Leadbeater, gramu mia na kidogo, mkia umenenepa ncha kama rungu, hutoka kama risasi. Ukipepesa umemkosa, na wa pili yuko nyuma yake, na wa tatu. Wanaishi kwa ukoo ndani ya mvungu mmoja, mama mmoja mzazi ndiye mwenye nyumba, kitanda chao ni magome yaliyochanwa nyuzi nyuzi, na chakula chao kikubwa ni utomvu wa miti iliyo jamii moja na miwati mliyoipanda Njombe. Jioni yangu ya kwanza nilihesabu watatu. Ya pili, mti mwingine, saa nzima, sikuona hata mmoja, nilihesabu nyota.

Huyo Leadbeater alielezwa kisayansi 1867, akaonekana mara chache hadi 1909, kisha kimya. Watu wakamwandika amekwisha. Mwaka 1961 Eric Wilkinson akamkuta karibu na Marysville, na mwaka 1971 akafanywa nembo ya jimbo. Sababu ya kuonekana tena wakati ule inafundisha. Januari 1939 moto ulikuwa umeunguza karibu hekta milioni mbili za Victoria na kuua watu 71. Miti mikubwa iliyokufa ilibaki imesimama imejaa matundu, na chini yake ikachipua miwati mingi: nyumba na chakula mahali pamoja. Lakini mti mfu hausimami milele. Ile ya 1939 inaanguka mwaka hadi mwaka, na iliyoota baada ya moto ule haijafika hata miaka 90. Februari 2009 moto mwingine ukapita humo humo. Ukataji wa magogo kwenye misitu ya asili ya Victoria ulisimamishwa mwanzoni mwa 2024, hatua ambayo mimi naiunga mkono kwa mikono miwili, lakini sheria haiwezi kuzeesha mti. Mrukaji mkubwa naye, aliyekuwa wa kawaida kabisa, aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka 2022.

Kwa hiyo shemeji anaposema "msituni kwa wenzake" anauona msitu kama kijiji chenye viwanja vya bure. Msitu ule ni kijani ndiyo, ila nyumba zimejaa na wenyewe wamo ndani, wanakohoa. Mgeni atalala nje. Ramani ya miti niliyokwambia hana. Atashuka chini kutafuta, na chini yupo mbweha mwekundu aliyeletwa kutoka Ulaya. Posamu waliohamishwa hapo Melbourne wakafuatiliwa kwa vifaa vya redio, wengi hawakumaliza siku nyingi. Wakati mwingine mambo huharibika kwa upande wa pili: Nyuzilandi walipelekewa mkia-burashi kuanzia 1837 kwa ajili ya manyoya, wakakuta hakuna wa kuwala wala majani yaliyozoea kujilinda nao, wakafika makumi ya mamilioni, wanakula misitu na vifaranga na kueneza kifua kikuu cha ng'ombe. Tangu 2016 serikali yao imejiwekea lengo la kuwamaliza kabisa ifikapo 2050. Mnyama anayelindwa upande mmoja wa bahari anasakwa upande wa pili.

Halafu kuna sheria. Victoria inawalinda tangu Sheria ya Wanyamapori ya 1975. Mkia-burashi aliyeingia ndani ya jengo anaweza kunaswa, lakini lazima aachiwe jioni hiyo hiyo, ndani ya mita 50 kutoka aliponaswa, yaani uani kwako. Mkia-pete usimnase kabisa bila kibali maalumu. Na ukimwondoa huyo wa darini ukaacha tundu wazi, usijisumbue kupumzika. Mwingine asiye na nyumba atalinusa ndani ya wiki.

Fanyeni hivi. Kwanza sanduku la mbao la posamu, shemeji analitengeneza Jumamosi moja: mlango wa duara wa kumtosha yeye, mbao nene ambazo hazijapakwa dawa, mfuniko unaofunguka. Mlifunge kwenye mti wa uani, mita nne au zaidi juu, mlango ukiangalia mbali na jua la mchana na upepo wa mvua. Mkisugua ndani kwa kitambaa chenye harufu yake kutoka darini, vizuri zaidi. Mpeni siku kadhaa alizoee. Kisha jioni mtafute anapotokea, kwa kawaida ni bati lililoachana na ukuta au kigae kilichovunjika. Tundu lenyewe utalitambua kwa madoa ya mafuta mdomoni mwake. Akishatoka, panda na tochi, hakikisha hakuna mtoto aliyebaki, na fungeni kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Usiku huo atarudi, atakwangua, atalalamika. Ukisikia sauti nyembamba ikimjibu kutoka ndani, fungua mara moja, mmemkosa mtoto.

Kama mmeingia Machi hadi Mei kikohozi kitazidi, ndio msimu wao wa kupandana. Watoto waambie ni dume anatafuta mchumba. Msiwape mkate wala maziwa. Paka na mbwa walale ndani.

Na usiku wa kwanza wa kumtafuta anapotokea, msiwashe taa ya nje. Tokeni wote uani jua likizama, kaeni mbali kidogo na nyumba, ukingo wa paa ukiwa umechorwa kwenye anga lililobaki na mwanga, mtulie mtazame juu. Nusu saa inatosha. Vaeni makoti.